Utepe wa kijani, maji ya kijani: kisa cha mtoto mmoja wa Ukerewe

Siku ile zahanati ilikuwa imejaa, akina mama na khanga zao mpaka nje chini ya mwembe, na zamu ya mjukuu wa shangazi yangu ilipofika mhudumu akamfunga ule utepe wa mkono, ukasoma sentimita 13.2, sehemu ya kijani, akaandika kwenye kadi akaita anayefuata. Haikufika hata dakika mbili. Na kwa kipimo kile hakukosea, maana chini ya 12.5 ndo njano na chini ya 11.5 ndo nyekundu, 13.2 ni salama, mtoto hajakonda, mashavu anayo, anacheka na kila mtu. Ila mimi ndo nilikuwa nimembeba, na nilipomsimamisha chini pembeni ya mtoto wa jirani nikaona kitu kingine kabisa, huyu ana miezi 18 na kimo chake ni cha mtoto wa mwaka mmoja.

Nikaomba ubao wa kupimia urefu, ulikuwa stoo una vumbi, tukaufuta tukamlaza. Sentimita 75. Mtoto wa kiume wa miezi 18 kwa viwango vya WHO wastani ni 82.3 na mstari wa udumavu, yaani ufupi uliopita kiasi kwa umri, uko kwenye 76.9, kwa hiyo huyu ameshauvuka kwenda chini. Uzito kilo 8.6. Alizaliwa na kilo 3.1, chanjo zote amepata, bado ananyonya. Nikaichukua kadi nikakaa nayo kwenye benchi nikaisoma kama mtu anavyosoma barua: miezi sita ya kwanza mstari wake unapanda vizuri tu sambamba na wenzake, kuanzia mwezi wa saba unaanza kulala, wa tisa umelala, wa kumi na mbili umelala zaidi. Mwezi wa saba ndo alianza uji.

Sasa hapa niseme mapema, watoto wengi sana wa nchi hii mstari wao unalala kipindi hicho hicho, sio kitu cha ajabu. Kitaifa udumavu kwa walio chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 34 kwenye utafiti wa 2015-16 na 30 kwenye ule wa 2022, na ukiangalia mikoa iliyoongoza 2022 utakuta Iringa 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, mikoa ambayo sisi wengine tunaisubiri ituletee mahindi. Hii namba imenisumbua miaka mingi. Kama chakula kingekuwa ndo kila kitu basi Njombe watoto wangekuwa warefu kuliko wa kwetu. Kuna kitu kingine ndani ya chakula, au ndani ya maji ya kupikia chakula, na hicho ndo nataka tukiangalie kwenye kisa cha huyu mtoto mmoja.

Nyumbani kwa shangazi chakula kipo. Uji wa lishe mara mbili kwa siku, unga wenye mahindi, karanga, soya na dagaa kidogo, mchana ugali wa muhogo na dagaa au furu, viazi vitamu havikosekani, embe msimu wake. Sio nyumba ya njaa. Nilikaa pale siku nne na siku ya pili nikaamka naye alfajiri kwenda kuchota maji mwaloni, ukingoni mwa ziwa, na nadhani kama nisingeenda ile asubuhi nisingeandika haya.

Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na pale ukingoni kwenye mawe utandu wa kijani umejikusanya mzito kama rangi ya mafuta ya kupakia milango, umepakana na mchanga, na yale mawe ya juu ambako maji yalifika jana yamebaki na ukoko mkavu wa kijani unaoelekea bluu. Harufu ya majani yaliyolowekwa yakaoza. Shangazi hakushtuka, akaingia mpaka magotini, akapiga maji kwa kitako cha ndoo mara tatu, utandu ukafunguka duara, akazamisha ndoo haraka kabla haujajifunga, akainua. Ukiitazama ile ndoo kwa juu maji ni masafi. Nikaiinua kidogo kuelekea jua linakotokea na ndipo zikaonekana, punje ndogo ndogo za kijani kama pumba laini zinaelea kila mahali.

Nikamuuliza, "Shangazi, haya ndo ya uji wa mtoto?"

"Ndo hayo hayo mwanangu, ila nayachemsha. Yanatokota kabisa, simpi mjukuu wangu maji mabichi mimi."

Alikuwa anasema kwa fahari na ana haki, maana tumemwambia achemshe miaka yote, redioni, klinikini, kwenye mikutano ya kijiji, na ametii. Shida ni kwamba kile kilichokuwa kwenye ndoo yake kuchemsha hakukiwezi.

Zile punje ni makundi ya siyanobakteria. Watu wanaita mwani na kwa macho ni mwani kweli, ila kiukweli ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua kama mmea unavyofanya. Wapo ziwani tangu enzi na enzi, tatizo ni wingi. Ziwa Victoria linapokea maji machafu ya miji, mbolea inayosombwa na mvua, udongo wa milima iliyokatwa miti, na vyote hivyo vinabeba fosforasi na naitrojeni ambazo kwa hawa bakteria ni karamu, halafu maji ni ya joto mwaka mzima na ziwa lenyewe lina kina kifupi, wastani mita 40 tu kwa ziwa kubwa namna ile. Aina moja inaitwa Microcystis, ndani ya seli zake ina vifuko vya hewa, kwa hiyo ziwa likitulia inapanda juu, upepo ukivuma kidogo inasukumwa mpaka ukingoni na kujikusanya pale pale ambapo mama anachotea maji. Ukienda mita mia tatu ndani kwa mtumbwi unaweza kukuta maji ya kawaida tu. Kwa hiyo maji mabaya kuliko yote ya ziwa zima ndo yanayoingia kwenye ndoo.

Na hizi bakteria baadhi yake zinatengeneza sumu. Inayojulikana zaidi ni mikrosistini, ni pete ya asidi amino saba zilizoshikana mkono kwa mkono, na kwa sababu ni pete haina ncha ya kuanzia kufumuliwa, vimeng'enya vya tumbo vinashindwa, joto la kuchemsha linashindwa. Tena kuchemsha kunafanya kingine kibaya zaidi, kunapasua seli na sumu iliyokuwa imefungiwa ndani inamwagika kwenye maji. Ukiwa na seli nzima bado unaweza kuzichuja, ukishazipasua huchuji kitu.

Je kweli ipo Ukerewe au ninahisi tu? Ipo. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha walikuja kisiwani wakapima maji na kuwahoji watu, kazi yao ilichapishwa 2021, na walikuta mikrosistini kwenye maji ya ziwa kupita kile kiwango cha WHO cha mikrogramu 1 kwa lita, na wanaotumia maji ya ziwa walikuwa na malalamiko ya kiafya zaidi kuliko wanaotumia visima. Kinachonifurahisha ni kwamba baadhi ya waliokuwemo kwenye kazi ile ni watu wale wale waliokuwa wanahangaika na sumu kuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, na udumavu wa watoto, yaani sio wataalamu wa maji waliopotea njia, ni watu waliokuwa tayari wanajua kwamba sumu ndogo ndogo ya kila siku inaweza kumzuia mtoto asikue. Na kabla yao sampuli za Ghuba ya Mwanza zilizochukuliwa 2002 zilikuwa zimefika mikrogramu 1 hivi. Sitaki kuchora mstari kati ya hizo mbili nikasema imepanda, ni sehemu tofauti na siku tofauti na utandu wa leo kesho unaweza usiwepo. Inatosha kujua kwamba sumu ipo na inafika ukingoni.

Sasa tufanye hesabu ya huyu mtoto, taratibu. WHO wanasema kiasi ambacho mwili unaweza kuvumilia kila siku maisha yote ni mikrogramu 0.04 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto ana kilo 8.6, zidisha, unapata 0.34. Huo ndo mgao wake wa siku. Uji vikombe viwili na maji ya kunywa, kwa siku anapitisha kama mililita 700 za maji ya ziwa, na hapo sijahesabu anayokunywa akiogeshwa. Tuchukue mfano maji yana mikrogramu 3 kwa lita, sio mfano wa kutisha, ni kile kiwango ambacho WHO 2020 wanashauri mtoto mchanga anayetumia chupa na watoto wadogo watafutiwe maji mengine. 700 ukizidisha unapata mikrogramu 2.1. Mara sita ya mgao wake. Shangazi mwenyewe ana kilo 65, mgao wake ni 2.6, kwa hiyo maji yale yale, ndoo ile ile, kikombe kwa kikombe, bibi yuko ndani ya mstari na mjukuu ameuvuka mara sita. Marekani 2015 waliliona hilo wakatenganisha kabisa, watoto wasiofika umri wa shule mwisho 0.3 kwa lita na wakubwa 1.6. Kwetu mtu anayechota ziwani hakuna anayempimia.

Kuvuka mgao sio kufa, naomba nieleweke hapo. Mgao umewekwa na nafasi kubwa ya usalama. Vifo vya mikrosistini vinavyojulikana vizuri ni vile vya Caruaru, Brazili, 1996, ambako maji ya bwawa lenye utandu yaliingia kwenye mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo, watu 76 walifariki na 52 kati yao wakahesabiwa moja kwa moja kwenye sumu hiyo. Pale iliingia kwenye damu bila kupita tumboni. Kwa mtoto wa uji tunaongelea kitu kingine, kidogo kidogo, kila siku, kwenye ini linalokua.

Na kuna watoto waliopimwa kwa hilo. China, eneo la bwawa la Three Gorges, utafiti uliochapishwa 2011, watoto 1,322 wa miaka 7 mpaka 15. Waliokuwa wanakunywa maji na kula samaki wa maziwa yenye utandu mwingi walikadiriwa kumeza mikrogramu 2.03 kwa siku, na damu zao zilionyesha dalili za ini kuumia zaidi ya wenzao, uwezekano karibu mara 1.7, hata baada ya kuzingatia homa ya ini B. Nilipoiona ile 2.03 niliweka kalamu chini. Wale ni watoto wa shule, wa kilo 25, 30, 40. Hesabu yangu ya mfano kwa mtoto wa kilo 8.6 ilitoa 2.1.

Kwanini ini linahusika na kimo? Mikrosistini haiingii seli yoyote tu, inahitaji mlango, na milango hiyo imejaa kwenye ini, ndo maana inakimbilia huko. Ikishaingia inazuia vimeng'enya vinavyoendesha kazi za ndani ya seli na kushikilia umbo lake, seli inalegea kama hema lililong'olewa vigingi. Na ini ndo linalotengeneza sehemu kubwa ya homoni ya IGF-1 inayoiambia mifupa irefuke. Kwa sumu kuvu ya aflatoksini jambo hili limeshaangaliwa kwa watoto wa shule wa Kenya, wenye aflatoksini nyingi walikuwa na IGF ndogo. Kwa mikrosistini na watoto wa miezi 18 wa Ziwa Victoria hicho kipimo ndo kinachotakiwa kufanyika, na nitarudi hapo.

Lakini kuna upande wa pili wa hadithi ambao kwangu ndo mzito zaidi, kwamba sio sumu tu inayoleta utapiamlo, utapiamlo nao unaifungulia sumu mlango. Mwili unaiondoa mikrosistini kwa kuishikanisha na kitu kinaitwa glutathioni ili itoke. Glutathioni inahitaji asidi amino zenye salfa, na hizo zinatoka kwenye protini nzuri, yai, samaki, nyama, maziwa. Muhogo karibu hauna. Watoto wenye kwashakoo, ule utapiamlo wa kuvimba mwili, wamepimwa na glutathioni yao iko chini sana. Kwa hiyo mchukue mtoto anayekula zaidi muhogo, dagaa anapewa mchuzi na wakubwa wanakula dagaa wenyewe, mpe maji ya kijani, ana sumu zaidi kwa kila kilo na sabuni kidogo ya kuiosha.

Na sisi watu wa kanda ya ziwa hili somo tulishafundishwa. Tarime, 1985, ukame, watu wakawa wanakula muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vya kutosha, wengi wakaamka miguu imekaza haitembei, wanawake na watoto zaidi. Ugonjwa ni konzo, jina limetoka Kongo, na watafiti waliokuja kuandika 1990 walihesabu wagonjwa 116 kule Tarime. Sumu ilikuwa sianidi ya muhogo, na mwili unaiondoa sianidi kwa kutumia salfa ile ile inayotoka kwenye protini. Waliokuwa na samaki na nyama walikula muhogo huo huo wakatembea. Yaani sumu peke yake haikutosha na njaa peke yake haikutosha, zilipokutana ndo watu wakaanguka. Sasa fikiria mtoto wa Ukerewe ambaye ugali wake ni wa muhogo na maji yake ni ya utandu, salfa kidogo aliyonayo inagombewa na sumu mbili.

Nimeandika haya yote nikiwa nimeshawishika, kwa hiyo lazima niwe mkali kwangu mwenyewe pia, maana hadithi tamu imeshapoteza watu wengi kwenye mambo ya lishe. Malawi walichukua watoto 2,372, wakawapa virutubisho vya kuongeza kinga ile ile ya akina glutathioni wakitegemea kwashakoo itapungua, majibu yalitoka 2005 na haikupungua. Na watu wa maji wana kidonda chao, ule utafiti mkubwa wa Kenya, Bungoma, Kakamega na Vihiga, uliotoka 2018, wajawazito zaidi ya 8,000, vijiji vikapewa klorini na vyoo na sehemu za kunawa, watoto hawakurefuka kwa hayo, walirefuka kidogo waliopewa lishe. Zimbabwe nao vile vile mwaka uliofuata. Kwa hiyo mtu akiniambia "badilisha maji mtoto atakua" nitamwambia subiri kwanza. Ninachoongeza ni kwamba klorini zile zilikuwa zinawinda vijidudu, na sumu za kemikali ni swali lingine ambalo halikuulizwa kule.

Na kwa huyu mtoto wetu washukiwa ni wengi. Kichocho, kwanza kabisa. Kwenye kijiji kimoja cha kisiwa jirani cha Ukara watoto wasiofika umri wa shule walipimwa, asilimia 44 walikuwa na mayai ya kichocho cha tumbo kwenye choo, na kwa kipimo cha mkojo ikafika 80. Watoto wa kubebwa mgongoni hao! Wanaogeshwa ukingoni, kwenye maji hayo hayo, na mayai ya kichocho yanakwenda kukaa wapi? Kwenye ini. Halafu ule unga wa lishe wenye mahindi na karanga, mchanganyiko ambao sumu kuvu inaupenda kuliko wote, na hatujasahau Dodoma na Manyara 2016, wagonjwa 68 na vifo 20 kwa mahindi. Watoto 166 wa Iringa, Kilimanjaro na Tabora waliofuatiliwa na utafiti wao kutoka 2015, waliokuwa na fumonisini nyingi mwilini, aina nyingine ya sumu kuvu, ndo waliokuwa wafupi. Ongeza malaria, ongeza kuharisha. Ukiniuliza mstari wake umelazwa na nani, jibu langu ni kwamba ini la mtoto huyu linapigwa kutoka pande tatu na kila mtaalamu anakuja kuangalia upande wake mmoja. Wa kichocho haulizi maji yana rangi gani, wa maji haulizi unga umekaa stoo miezi mingapi.

Tulichofanya ni hiki. Kituo cha afya walipima choo wakakuta mayai ya kichocho, wakampa dawa kwa uzito wake. Maji ya uji na ya kunywa tukayahamisha kabisa, shangazi ana paa la bati, fundi akaweka mfereji na tenki la lita 1,000, na kiangazi kisima kirefu kiko kama nusu saa kwa baiskeli, anachukua dumu mbili za mtoto na za kunywa, ziwa libaki la kufulia na kuoshea. Unga tukaacha kununua uliokwishachanganywa, anachagua mwenyewe mahindi na karanga, zilizokunjamana au zenye rangi anatupa, anasaga kidogo kidogo wa wiki mbili. Na yai, siku tano kwa wiki.

Dagaa hatukugusa. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Upande wa Kenya, Ghuba ya Nyanza, utafiti wa 2018 ulikuta mikrosistini kwenye samaki wadogo wanaoliwa wazima na matumbo yao, na nimeshamsikia mtu akitaka kuwaambia akina mama waache dagaa. Jamani hapana. Dagaa ndo salfa yenyewe, ndo kalsiamu, ndo zinki, na ndo protini pekee ambayo mama wa mwaloni anaimudu kila siku. Ukimnyima mtoto dagaa ili kumkinga na sumu umemnyang'anya silaha. Waoshwe kwa maji masafi, wasioshwe kwenye utandu, waanikwe kwenye chanja sio mchangani, na mtoto apewe dagaa mwenyewe aliyesagwa, sio mchuzi.

Kwa asiye na tenki wala kisima karibu: usichote kwenye utandu hata ukiusukuma, nenda na mtumbwi ndani ambako maji ni maangavu. Maji yakiwa na punje weka shabu au mbegu za mlonge zilizotwangwa kwanza, yakae yatulie usiku kucha, chota ya juu, pitisha kwenye kitambaa kilichokunjwa mara nne au chujio la mchanga, halafu ndo uchemshe. Mpangilio huo ndo wenyewe, toa seli zikiwa nzima kwanza, moto baadaye, kwa ajili ya vijidudu. Njia nyingine ni kisima cha mchanga, kuchimba hatua kadhaa kutoka ukingoni na kuacha maji yapenye, mchanga unachuja. Vidonge vya klorini kwenye maji ya kijani vinaishia kuliwa na uchafu wenyewe kabla ya kuifikia sumu, na seli zinapasuka. Mwaka 1979 kisiwa cha Palm, Australia, walimwaga dawa ya shaba kwenye bwawa lenye utandu ili kuusafisha, siku chache baadaye watu 148 wakaugua ini na tumbo, karibu wote watoto. Wakapona, lakini wengi walikaa na dripu.

Miezi sita imepita. Nilirudi mtoto ana miaka miwili, tukautoa ule ubao, safari hii haukuwa na vumbi, mhudumu alikuwa ameshaanza kuutumia kwa wote. Sentimita 80.2. Ameongeza 5.2, wastani wa mtoto kipindi hicho ni kama 5.5. Mstari wa udumavu kwenye miaka miwili ni 81.7, kwa hiyo bado yuko chini yake, hajawafikia wenzake, ila ameacha kubaki nyuma, mstari umeinuka sambamba. Ni dawa ya kichocho? Ni yai? Ni maji? Tulibadilisha vyote pamoja kwa hiyo kisa hiki hakiwezi kujibu, na nisingeweza kumwambia shangazi tubadilishe kimoja kimoja kwa mjukuu wake ili mimi nipate jibu zuri.

Jibu litapatikana kwa kufuatilia watoto mia kadhaa kuanzia miezi sita mpaka miaka miwili, Ukerewe na Ukara na Homa Bay pia, kila mwezi urefu, maji ya ndoo ya nyumbani yapimwe, sio ya katikati ya ziwa, uji wenyewe upimwe, damu kidogo ya kuangalia ini, IGF-1, sumu kuvu, na choo cha kichocho, vyote kwa mtoto mmoja yule yule. Kila kimoja kati ya hivyo kimeshafanyika mahali fulani kivyake.

Mimi nimeanza na kidogo nilichoweza. Kila utandu unapokuja kijana wa jirani anachota chupa moja ya kioo pale pale shangazi alipokuwa anapiga maji kwa kitako cha ndoo, anaandika tarehe na saa kwa peni ya kudumu, anaiacha nafasi juu isipasuke, anaipeleka kwenye friza ya mama mmoja anayeuza samaki Nansio. Sumu inatunzika ikigandishwa. Mpaka wiki iliyopita zilikuwa chupa saba, zimepangwa chini ya sangara, na mama yule ananipigia kila Jumapili kuniuliza nazisafirisha lini.